Ushauri: nyumba rafiki kwa mazingira Kibaha, pesa ianzie wapi ili irudi?

Mwenye_Kiwanja

Wakuu, heshima kwenu. Kiwanja kipo Kibaha, mita 20 kwa 30, ramani ni ya vyumba vitatu na paa litafunika kama mita za mraba 140. Familia watu watano. Baadaye nyumba itapangishwa. Fundi anasema mambo haya ya "kijani" ni kuongeza gharama tu. Mimi nafikiria sola, maji ya mvua na matofali ya kufungamana (yanayoshikana yenyewe), ila vyote kwa mpigo siviwezi. Kipi kinarudisha pesa na kipi ni mbwembwe?

Rula_na_Penseli

Mkuu, kabla ya kununua chochote rudi kwenye ramani, maana kugeuza nyumba kwenye karatasi ni bure. Ukuta mrefu utazame kaskazini na kusini, kuta fupi zitazame mashariki na magharibi. Jua la asubuhi na la alasiri huja chini chini likapiga ukuta kwa saa nyingi, kwa hiyo upande wa magharibi weka stoo, bafu na choo, usiweke chumba cha kulala.

Ukingo wa paa utokeze sm 90. Mwezi Juni saa sita mchana jua la Pwani liko kaskazini, juu kwa nyuzi kama 60, na sm 90 hizo hutupa kivuli cha mita moja na nusu ukutani. Dirisha lote limefunikwa. Ndiyo maana mtindo wa kuficha paa nyuma ya ukuta unapendeza kwenye picha tu: ukuta hauna kivuli, gata limefichwa ndani, na likiziba majani maji yanashukia kwenye dari.

Madirisha: la kusukuma hufunguka nusu tu, hata uwe umenunua kubwa. La luva au la bawaba hufunguka karibu lote. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, na upepo usipopata pa kutokea hauingii, kwa hiyo kila chumba kikae na matundu kwenye kuta mbili.

Bati chagua rangi ya mwanga. Lile la kijivu cha mkaa ambalo kila mtu analitaka sasa ni jiko. Ukiweka karatasi ya kung'aa chini ya bati, acha nafasi ya hewa ya sm 2.5 kati yake na bati. Ikigusana na bati joto linapita kama vile haipo.

Lita_Elfu

Baada ya ramani, maji. Hesabu ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Pima eneo ambalo paa linafunika chini, usipime mabati yenyewe kwa mteremko. Kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, 140 × 1,000 × 0.8 ni lita 112,000. Ile 0.8 ni kwa sababu mengine yanaruka, yanakauka au yanamwagwa.

Watu watano kwa lita 60 kila mmoja ni lita 300 kwa siku. Tangi la lita 10,000 ni siku 33. Linatosha kuunganisha mvua na mvua, halivuki kiangazi. Juni mpaka Septemba unahitaji kama lita 36,000, yaani tangi la zege chini ya ardhi. Anza na la juu, lakini acha nafasi ya lile la chini, mita 15 au zaidi kutoka kwenye shimo la maji taka na upande wa juu wa mteremko.

Yanayoharibika mara kwa mara:

Gata lisilo na mteremko. Lipe mm 5 kila mita, na bomba la kushushia la inchi 4 kwa kila mita 60 hadi 70 za mraba za paa.

Maji ya kwanza kuingia tangini. Hayo ndiyo yenye vumbi na kinyesi cha ndege. Kwa paa lako mwaga kama lita 70 za mwanzo. Bomba la inchi 4 hubeba lita 8 au 9 tu kwa mita, kwa hiyo tumia pipa dogo lenye tundu jembamba chini, lijikaushe lenyewe kabla ya mvua inayofuata.

Tangi la plastiki la juu kufukiwa. Udongo unalibonyeza, na likiwa tupu maji ya ardhini yanaliinua. Msingi nao usidharau: lita 10,000 ni tani 10. Kila tundu lifunikwe wavu wa mbu, na mwanga usiingie, la sivyo maji yanageuka kijani.

Udongo_Mwekundu

Matofali ya kufungamana ya mm 300 × 150 × 100 huenda kama 33 kwa mita ya mraba. Akiba haitoki kwenye tofali lenyewe, inatoka kwenye saruji ya kuunganishia na plasta usivyovitumia. Kama utapiga plasta ndani na nje, jenga tu kwa tofali za saruji.

Pima udongo kwanza. Chukua kisanduku cha sm 60 × 4 × 4, jaza udongo wenye unyevu, anika siku tatu juani, kisha usukume upande mmoja na pima pengo. Likizidi sm 5, mfinyanzi ni mwingi, ongeza mchanga. Udongo mweusi unaopasuka kiangazi achana nao kabisa. Mchanganyiko wa kawaida ni saruji 1 kwa udongo 12, na mfuko mmoja hutoa matofali kama 75. Yafunike plastiki na kuyamwagilia siku 7 mpaka 14. Wengi huanika juani siku ya pili, ndipo pembe zinameguka. Mstari wa kwanza ulale juu ya saruji na uwe sawa kwa pima maji, kwa sababu kosa la mm 3 pale linafika juu limekuwa kubwa. Msingi uinuke sm 45 ili mvua isirushe matope ukutani.

Saketi

Sola iwe ya mwisho. Angalia kwanza LUKU yako. Kundi la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, hulipa Sh 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, hadi uniti 75 kwa mwezi, yaani Sh 7,500. Kwa hapo sola hairudishi pesa leo wala kesho. Ukiwa T1, kundi la matumizi ya kawaida, Sh 292 kwa uniti, hesabu inabadilika. Friji uniti 1 kwa siku, feni mbili za wati 60 kwa saa 8 kama 0.96, runinga 0.4, taa za LED 0.36: jumla 2.7. Paneli za kW 0.8 zinabeba, weka kW 1.2 kwa ajili ya mawingu ya masika. Zielekee kaskazini zikiinama nyuzi 10, mvua izioshe. Hita ya bafuni ya wati 3,500 na zaidi usiiunganishe humo.

Na ukipangisha, anayenunua umeme ni mpangaji. Akiba ya sola inakuwa yake. Wewe unauza kodi kwa maji yasiyokatika na chumba kisichofukuta.

Mwenye_Kiwanja

Nimewaelewa. Tatizo barabara iko magharibi, upande ule wa mita 20.

Rula_na_Penseli

Basi una bahati. Mita 30 zinakwenda mashariki–magharibi, kwa hiyo nyumba ilale kwa urefu huohuo. Magharibi weka baraza la mita 2 na matofali ya matundu pembeni, kwa kuwa jua la saa kumi huingia chini ya ukingo wowote. Geti ndilo litazame barabara. Mlango mkuu unaweza kukaa kaskazini.