Wazee wa baraza kwenye kesi za mauaji: warudi au wapumzike?

Mwalimu Mstaafu

Wakuu, habari za jioni. Juzi kijana mmoja kaniambia kwamba sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, Mahakama Kuu ya Tanzania isilazimike tena kukaa na wazee wa baraza kwenye kesi za mauaji, taifa lilipona. Kwamba wazee walikuwa wanasinzia na kusubiri posho. Neno hilo limenikaa kooni siku mbili, nimeona nilitemee hapa.

Mimi nilikuwa mzee wa baraza. Nilistaafu ualimu, jina langu likapelekwa, na Mahakama Kuu ilipokuja wilayani kwetu kwa sesheni ya mauaji nikaitwa. Nilikaa kwenye kesi mbili. Kwa asiyejua: mzee wa baraza ni raia wa kawaida, si mwanasheria, anayeitwa kumshauri jaji. Unakaa mbele pamoja na jaji, unasikiliza mashahidi wote, na usipoelewa unaruhusiwa kuuliza. Pande zote zikimaliza, jaji anawafanyia majumuisho, ushahidi ulikuwa huu, sheria inasema hivi. Kisha mnatoa maoni mmoja mmoja kwa mdomo. Mahakama imejaa, ndugu wa marehemu wako upande huu, ndugu wa mshitakiwa upande ule, mwenyewe yuko kizimbani anakutazama usoni. Unasema ana hatia au hana, na sababu zako. Hakuna pa kujificha.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya bibi aliyekatwa mapanga usiku. Sababu ni ile ile ya kwetu Usukumani, macho mekundu, basi mchawi. (Mtu aliyepikia kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini macho yatakuwaje meupe?) Aliyeshitakiwa ni jirani yake, na jambo lililomwelemea kuliko yote ni kwamba mwano, yaani yowe la kuita msaada, ulipigwa, kijiji kizima kikatoka, yeye hakutoka. Wakili wa serikali alilishikilia hilo kama kupe. Jaji wetu alikuwa mtu wa pwani, mpole, msikivu, lakini habari za mwano alikuwa anazisikia kwa mara ya kwanza.

Mzee mwenzangu akamuuliza shahidi swali moja tu: "Huyu wakati ule alikuwa ametengwa?" Shahidi akajibu ndiyo, sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walimtenga tangu masika kwa kukataa kulipa faini. Mtu aliyetengwa kwetu haombi moto, haombi maji, hasalimiwi. Akitokeza gizani kwenye mwano anaweza asirudi kwake. Jaji aliandika kwa muda mrefu pale. Mwisho wa yote mshitakiwa aliachiwa. Sasa niambieni, swali lile angeliuliza nani?

Wakili Kijana

Shikamoo Mwalimu. Nakupinga kwa heshima zote.

Swali lile tamu la mwenzako ndilo lingeweza kuifuta kesi nzima. Mzee wa baraza aliruhusiwa kuuliza ili apate ufafanuzi wa kilichokwisha kusemwa. Kumhoji shahidi kwa kuchimba jambo jipya ni kazi ya mawakili. Yule mtu angetiwa hatiani, na mimi ndiye wakili wake wa rufaa, hoja yangu ya kwanza ingekuwa hiyo.

Na sisemi kinadharia. Mahakama ya Rufani imefuta kesi nyingi sana za mauaji kwa sababu ya wazee, wala si kwa kuwa mshitakiwa hakuua. Mara jaji hakuwaeleza jambo muhimu la kisheria kwenye majumuisho, mara wazee walimhoji shahidi kama mawakili, mara aliyeanza kesi siye aliyeimaliza. Msingi huu ni wa siku nyingi. Mwaka 1954, kwenye kesi ya Washington Odindo, iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishasema kwamba maoni ya wazee yana thamani pale tu wanapozielewa kikamilifu habari za kesi pamoja na sheria inayohusika. Shauri la Tulubuzya Bituro la mwaka 1982 likakazia hapo hapo.

Kesi ikifutwa, mara nyingi inaamriwa ianze upya. Shahidi mmoja kafa, mwingine kahamia machimboni hajulikani alipo, na mshitakiwa amerudi mahabusu kuhesabu miaka upya. Yote hayo kwa ajili ya maoni ambayo jaji hakulazimika kuyafuata! Sheria ilisema wazi kwamba hafungwi nayo. Kama mila inahitajika mahakamani, aletwe shahidi aieleze, aapishwe, ahojiwe.

Mama Tunu

Mimi nina swali dogo. Wanasema wazee wa baraza wanajua mila. Mila za nani? Huyo bibi aliyekatwa mapanga naye aliuawa na mila. Ukinipa wazee wawili kutoka kijiji hicho hicho, mmoja ni kamanda wa sungusungu mstaafu, haki ya bibi inatoka wapi? Afadhali huyo jaji wa pwani asiyejua mwano.

Mkenya wa Nakuru

Nawasalimu majirani. Sisi wazee wa baraza tuliwaondoa kwa sheria ya mwaka 2007, na sijasikia mtu akiwalilia. Wa mwisho wanaokumbukwa sana ni wale wa kesi ya Tom Cholmondeley, kitukuu wa Lord Delamere, yule mlowezi wa Kizungu, aliyeshitakiwa kumuua Robert Njoya kwa risasi katika shamba la Soysambu mwaka 2006. Kesi ilikuwa imeanza kabla ya sheria kubadilika, ndiyo maana wazee waliendelea kukaa. Maoni yao yalikuwa kwamba hana hatia. Mwaka 2009 Jaji Muga Apondi akaenda njia yake, akampata na hatia ya kuua bila kukusudia na kumpa miezi minane. Wananchi walikasirikia ile miezi minane. Wazee hakuna aliyewakumbuka, ni kama hawakuwahi kusema kitu.

Tena tusisahau huu mpango ulikotoka. Wakati wa ukoloni hapa Kenya, Mzungu akishitakiwa kwa mauaji alipewa jopo la Wazungu wenzake, na kauli yao ndiyo iliyoamua. Sir Jock Delves Broughton aliachiwa hivyo Nairobi mwaka 1941 katika kesi ya kifo cha Lord Erroll. Mwafrika je? Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, aliposhitakiwa Nyeri mwaka 1956 kwa kupatikana na bastola, aliwekewa wazee watatu Waafrika wa kumshauri Jaji Mkuu O'Connor. Kumshauri tu. Mmoja alipewa wa kuamua, mwingine wa kushauri. Mnataka kurudisha hiyo?

Bongo Minnesota

Mwalimu shikamoo, wengine salama?

Niko Minneapolis, uraia wa huku nilichukua miaka kadhaa iliyopita, na baada ya muda ikaja barua ya kuitwa kwenye jopo la mahakama. Nilidhani nimeshitakiwa, mke wangu akaanza kupiga simu kwa watu! Kufika, tumejazana ukumbini kama kliniki. Mawakili wanakuuliza kama unawaamini polisi, kama umewahi kuibiwa, kisha wanachuja. Nikabaki kati ya 12. Kesi ni ya wizi wa kutumia nguvu.

Wakili Kijana anasema wazee hawakuwa na nguvu. Huku mnayo, na inatisha. Jaji anawaeleza sheria, lakini mwenye kusema ana hatia ni ninyi, na lazima wote 12 mkubaliane. Mnafungiwa chumbani peke yenu na hairuhusiwi kuzungumza habari za kesi hata na mkeo. Siku ya kwanza tulikuwa tisa kwa watatu, nami nilikuwa kati ya wale watatu, maana shahidi aliyemtambua mshitakiwa alimwona usiku, kwa dakika chache, akiwa ameshikwa na hofu. Siku ya pili tukabaki wawili. Ikaingia Ijumaa, saa kumi jioni, mama mmoja anaangalia saa kwa sababu ya mtoto, mwingine anasema hataki kurudi Jumatatu. Nikakubali.

Sina hakika mpaka leo kama nilishawishika au nilichoka. Hakuna aliyeniuliza sababu. Wazee wenu angalau walitakiwa kusema kwa nini.

Mwalimu Mstaafu

Nawashukuru wote. Mama Tunu umenigusa pabaya, sina jibu zuri. Kwenye orodha yetu wanawake walikuwa wachache kweli.

Ila Wakili, hapo kwenye "maoni yasiyomfunga jaji" ndipo hasa ninapotaka tubishane. Kabla ya kuitwa Mahakama Kuu nilishawahi kuwa mshauri mahakama ya mwanzo. Pale, kwa sheria ya wakati ule, tulikuwa hakimu na washauri wawili, na uamuzi ulikwenda kwa wingi wa kura. Sisi wawili tukikubaliana, hakimu kashindwa. Nimemshinda hakimu kwenye kesi ya mbuzi! Nikipanda Mahakama Kuu, ambako adhabu ya mauaji ni kunyongwa hadi kufa, kura yangu inageuka ushauri. Yaani naaminiwa na mbuzi, siaminiwi na shingo ya mtu.

Kwa hiyo sidai turudi kama zamani. Mtu aitwe apewe kura, afundishwe walau wiki moja lipi anaweza kuuliza na lipi hawezi, ama aachwe shambani kwake. Kesi hizo ulizosema zilifutwa, Wakili, nyingi zilifutwa kwa kuwa jaji hakuwaeleza wazee vizuri. Kosa la mwenye kufundisha akaadhibiwa mwanafunzi.

Wakili Kijana

Hapo kwenye mbuzi umenipata, Mwalimu. Ila wazee wawili kumshinda jaji kwenye kesi ya mauaji, mimi siafiki hata kwa dawa. Umesema ulikaa kwenye kesi mbili, umetusimulia moja iliyokupendeza. Ya pili iliishaje?

Mwalimu Mstaafu

Nilijua utauliza.

Vijana walipigana kilabuni, mmoja akafa. Mimi nilisema ana hatia ya kuua kwa kukusudia, nikatoa na sababu tatu kwa sauti ya darasani. Mwenzangu akasema hana. Jaji alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, na kwenye hukumu akaeleza kwa nini hakubaliani nami: marehemu ndiye aliyeanza na kisu, na mimi nilikuwa nimemsahau shahidi wa nne aliyelisema hilo. Kijana akaachiwa.

Anauza viatu vya mitumba mnadani siku za Jumatano. Nikipita anasimama, "Shikamoo Mwalimu," na bei ananipunguzia bila kuombwa.

Mama Tunu

Na wewe unanunua?

Mwalimu Mstaafu

Jozi mbili mpaka sasa.