Hivi maduka ya kukodisha video yaliuliwa na intaneti kweli, au yalikufa kwa madeni?

Mkanda Mkongwe:
Wakuu habari zenu. Kuna jambo linanisumbua muda sasa. Kila nikisoma habari za Blockbuster, ile kampuni ya Marekani ya maduka ya kukodisha video, naambiwa hadithi ileile, jamaa walilala, Netflix ikaja, intaneti ikawamaliza, basi. Na ile ya mwaka 2000 kwamba walifuatwa wainunue Netflix kwa dola milioni 50 wakakataa. Sawa, ila mwaka 2004 walikuwa na maduka zaidi ya 9,000, na Netflix imeanza kuonyesha filamu kwa intaneti 2007, kabla ya hapo ilikuwa inatuma DVD kwa posta tu. 2010 Blockbuster kafilisika. Miaka sita tu! Movie Gallery, nayo ya kukodisha video, iliyomnunua mwenzake Hollywood Video 2005, nayo ikaisha 2010. Mwenye kuelewa biashara anisaidie, hivi ni intaneti tu?

Mhasibu wa Zamani:
Mkuu umeuliza swali zuri sana. Intaneti ilichangia, siwezi kukataa, lakini we angalia vitabu vyao. Mwaka 2004 wakati wanatengana na Viacom, kampuni mama yao, Blockbuster ililipa wanahisa gawio maalumu la dola 5 kwa kila hisa, jumla karibu dola milioni 900, na hela yenyewe ilikuwa ya kukopa. Yani unakopa ili ugawe, halafu deni linabaki kwako na waliopewa washaondoka nazo. Mwaka uleule ambao maduka yalikuwa mengi kuliko wakati wowote! Sasa mshindani anakuja, unahitaji pesa ya kupambana, na kila mwezi kuna riba inakusubiri mlangoni. Na kupambana walipambana, tusiwaonee. 2006 walileta huduma ya Total Access, unaletewa DVD kwa posta, ukimaliza unairudisha dukani na unaondoka na nyingine bure, na 2007 Netflix ilipoteza wateja. Ila ile huduma ilikuwa inakula hela, wakubwa wakagombana, mkurugenzi mkuu John Antioco akaondoka mwaka huohuo, aliyemfuata akapandisha bei, wateja wakarudi walikotoka.

Mama Pacha:
Mhasibu upo sahihi lakini umesahau mteja, naomba niseme kama mteja. Faini! Mi nilikuwa nakodisha duka moja hivi, jina silisemi, filamu ya katuni ya watoto, wakaumwa homa wote wawili usiku mmoja, nikaisahau juu ya televisheni siku nne. Siku ya tano nimeenda nimeishika mkononi, kijana akafungua kompyuta akanionyesha faini kubwa kuliko pesa niliyokodishia, nyuma yangu kuna foleni ya watu wananiangalia. Nililipa nikatoka na sikurudi tena. Nimesoma baadaye kwamba Blockbuster mwaka 2000 ilipata karibu dola milioni 800 kwa faini za kuchelewesha peke yake, nikaelewa. Biashara inayonenepa mteja akikosea haiwezi kupendwa, anakuvumilia tu mpaka apate pa kwenda. Na walipoziondoa 2005 walikuwa washachelewa, tena wakajitoboa mfukoni maana ile ndo ilikuwa hela yao.

Mkanda Mkongwe:
Duh, milioni 800. Kumbe hapo walibanwa kotekote, ukiendelea kutoza faini unapoteza wateja, ukizifuta unapoteza mapato na deni lipo palepale. Asanteni. Na hao wengine je, wasiohusika na filamu? Toys R Us, wale wa maduka ya vinyago vya watoto, kwa mfano?

Mhasibu wa Zamani:
Toys R Us ndo ileile mkuu, tena mbaya zaidi. 2005 ilinunuliwa na kampuni za uwekezaji Bain, KKR na Vornado kwa dola bilioni 6.6, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa mkopo uliobebeshwa kampuni yenyewe. Ikawa inalipa riba badala ya kukarabati maduka na kujenga mauzo ya mtandaoni. Ikaomba mahakama iikinge na wadai kwa kufilisika Septemba 2017, katikati ya 2018 maduka ya Marekani yamefungwa. Borders, wale wa maduka ya vitabu, ni kesi nyingine kidogo, wao 2001 waliwakabidhi Amazon mauzo yao ya mtandaoni, yani mshindani wako ndo anakushikia wateja.

Fundi Spika:
Mi niongee kwa upande wa wafanyakazi maana naona tunasahaulika. Niliuza vifaa vya elektroniki miaka tisa kwenye kampuni iliyofungwa. Wiki za mwisho tuliuza mpaka rafu, mtu anakuja na tepu anapima rafu wakati bado nimeipanga bidhaa, ananiambia hii nitaichukua Ijumaa. Kabla ya hapo walishawapunguza wazoefu wote eti mishahara mikubwa, wateja wakawa wanauliza swali hakuna wa kujibu. Nikaja kusoma Circuit City, nao wa maduka ya elektroniki Marekani, walifanya hivyohivyo, 2007 wakaachisha wauzaji 3,400 waliokuwa wanalipwa zaidi, 2009 maduka yote yamefungwa. Na hao wa Toys R Us walioachishwa hawakupewa hata kiinua mgongo mwanzoni, mpaka wakaandamana ndo KKR na Bain wakatoa dola milioni 20 za kugawana, na watu walikuwa zaidi ya 30,000. Pigeni hesabu kila mtu alipata ngapi.

Mama Pacha:
Hazifiki hata 700 kwa kichwa. Pole sana kaka yangu. Wewe ulilipwa chochote?

Fundi Spika:
Mshahara wa mwezi wa mwisho, dada. Na ile rafu yangu jamaa alikuja kuichukua Ijumaa kweli, nikamsaidia kuibeba mpaka kwenye gari.