Kipindi cha Jumamosi kilichowakata Slint katikati na kutulisha historia ya kubuni

Ndugu wanajamvi, uzi huu nimeuchelewesha siku tatu makusudi ili hasira ipoe, nisije nikaandika matusi. Jumamosi usiku redio moja ya mtandaoni, ambayo jina lake nalihifadhi, iliahidi kutupigia muziki wa roki wa mwanzoni mwa miaka ya 90 ambao wengi hawajawahi kuusikia, na kufunga kipindi kwa "Good Morning, Captain" wa kundi la Slint. Nilimwita mdogo wangu, ambaye kwake roki ni Nirvana na basi, nikamwambia akae atulie, kwani leo ataelewa kwa nini humchosha na habari za watu hawa.

Alichosikia kwanza ni mtangazaji akidai, tena kwa kujiamini, kwamba Slint ni kundi la Seattle lililofuata nyayo za Nirvana. Slint ni vijana wa Louisville, Kentucky, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Seattle. Albamu yenye wimbo huo, Spiderland, ilirekodiwa Chicago mwezi Agosti 1990 na kutolewa na lebo ya Touch and Go mwezi Machi 1991, yaani miezi sita kabla Nevermind, albamu ya Nirvana iliyowapa umaarufu, haijaingia madukani. Aliyetangulia humfuataje aliyekuja nyuma? Kisha akaongeza kwamba kundi lilivunjwa na umaarufu, ilhali walikuwa wamekwisha kuachana kabla albamu haijatoka, wakati ambao ni watu wachache mno waliokuwa wakiwajua.

Hayo ya historia ningeyameza. Nisichoweza kukimeza ni walivyoufanyia wimbo. Una zaidi ya dakika saba na nusu, na hakuna hata moja ya kupunguza: besi na ngoma zinazunguka palepale, mwimbaji wao Brian McMahan anasimulia habari za nahodha aliyenusurika chombo kilipozama, kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala, magitaa yanalipuka na kunyamaza, na yote hayo yanasubiri mayowe ya mwisho ambayo, ukiyafikia kwa njia yake, yanakusimamisha nywele. Mtangazaji aliukata dakika ya tano na kuweka tangazo la sabuni ya unga. Mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, ndio huo?" Nikakosa la kujibu.

Na hata hizo dakika tano zilikuwa zimeharibiwa, kwa sababu mitambo yao husawazisha sauti zote, mnong'ono ukapandishwa na kelele ikashushwa, hadi vyote vikawa uji mmoja. Kabla ya hapo walikuwa wamepiga "Washer", wimbo mwingine wa Slint wa karibu dakika tisa ambao huimbwa kwa upole hadi magitaa yanapokuja kuubomoa karibu na mwisho, nao ukapita bila mshindo wowote. Hawa ni watu walioandika kwenye CD yao kwamba rekodi hii imekusudiwa kusikilizwa kwenye santuri, jambo linaloonyesha walivyojali namna muziki wao utakavyomfikia msikilizaji, hata kama wapo watakaoona ni kujidai. (Nami niliona hivyo, mpaka niliponunua santuri yenyewe.)

Niliwaandikia wahusika usiku uleule kwa lugha ya adabu. Jibu likaja Jumatatu, mstari mmoja tu, kwamba nyimbo ndefu huwachosha wasikilizaji. Basi kwa nini mlituahidi wimbo mrefu? Ninachodai si kikubwa: wasahihishe waliyoyasema kuhusu Seattle na umaarufu, katika kipindi hichohicho, na waupige wimbo wote bila tangazo katikati, au waache kabisa kuligusa kundi hili.

Jana jioni nilimwekea mdogo wangu santuri nikitaka kuokoa jahazi. Alipoona jina kwenye jalada alivaa viatu, akaniambia wimbo wao ameshausikia, akatoka.