Ghorofa zinaongezwa, lakini kanuni za maegesho, mabasi na stima ni zile zile: malalamiko kutoka Roysambu

Wanajukwaa, nimeshindwa kunyamaza. Wiki iliyopita, nikitoka kununua maziwa, niliona kibao kimepigiliwa misumari kwenye ua wa mabati wa ploti inayotazamana na jengo ninalopanga hapa Roysambu, Nairobi, kikiwa kimeandikwa kwa herufi ndogo hata ikanibidi nipande ukingo wa mtaro ndipo nikisome. Mwenye ploti anaomba kubadilishiwa matumizi ya ardhi, kutoka nyumba ya familia moja hadi jengo la ghorofa 14, na sisi majirani tumepewa siku 14 za kutoa maoni. Siku niliyokisoma, nane zilikuwa zimekwisha, na nusu ya kibao ilikuwa imezibwa na magunia ya makaa ya mama anayeuza hapo. Simlaumu mama huyo, kwa kuwa amekuwa hapo miaka mingi kabla ya kibao.

Kabla sijaambiwa kwamba ninapinga maendeleo, nieleweke vizuri: sipingi ghorofa. Jiji lililohesabiwa watu 4,397,073 katika sensa ya 2019, kwenye kilomita za mraba zipatazo 696, haliwezi kuendelea kutandaa kila upande hadi mtu aamke saa kumi usiku ili afike kazini saa mbili. Kujenga kwenda juu kando ya Barabara ya Thika ni jambo la busara. Kinachoniudhi ni kwamba kanuni zinabadilishwa ploti moja baada ya nyingine, kwa manufaa ya aliyeomba, na kinachobadilika ni idadi ya ghorofa tu, huku kila kitu kinachoyafanya maisha ya ghorofani yawezekane kikiachwa kama kilivyokuwa.

Nilipoomba kuona michoro, nilikuta kwamba sakafu ya chini yote na nyingine iliyo chini ya ardhi ni maegesho ya magari. Sasa, jengo letu lina familia 64. Usiku mmoja, saa nne, nilishuka nikahesabu magari yaliyokuwamo uani, nikapata 11, na matatu kati ya hayo hayajasogea tangu Januari. Moja limekuwa makao ya paka na wanawe. Nafasi zilizobaki zimelala tupu, lakini zilichimbwa na kumwagiwa zege kwa fedha ambazo sisi tunaendelea kuzilipa kila mwezi ndani ya kodi ya nyumba, na wengi wetu tunakwenda kazini kwa matatu au kwa miguu. Hakuna aliyetuuliza kama tungependa sakafu hiyo iwe maduka, au shule ya chekechea, au vyumba zaidi vya bei nafuu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye mabasi. Mamlaka ya usafiri wa eneo la jiji, NaMATA, iliundwa 2017. Njia tano za mabasi ya kasi zikapewa majina ya Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati, wale wanyama watano ambao watalii hulipa dola ili wawaone, na ambao sisi wa Barabara ya Thika bado hatujawaona. Mwaka 2018 ulichorwa mstari mwekundu wa kutenga njia ya mabasi hayo, magari mengine yakaukanyaga tangu siku ya kwanza, na vituo vilivyoanza kujengwa baadaye vikaachwa njiani. Ninauliza kwa dhati: afisa anayeidhinisha ghorofa 14 hapa kwetu huwa anahesabu kwamba basi hilo lipo au halipo? Kama lipo, maegesho yote hayo ni ya nini? Kama halipo, hao wakazi wapya watapanda nini asubuhi, wakati foleni ya steji yetu tayari inafika kwenye ngazi za daraja la waenda kwa miguu?

Nije kwenye jambo lililonichoma zaidi. Mwaka jana nilinunua pikipiki ya umeme kwa mkopo, kwa sababu tuliambiwa, na ni kweli, kwamba stima ya Kenya kwa sehemu kubwa hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Mkakati wa serikali wa 2020 ulilenga asilimia 5 ya magari yanayosajiliwa kila mwaka yawe ya umeme kufikia 2025, na 2023 ikaja bei maalumu ya stima ya kuchaji vyombo hivi: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Lakini bei hiyo inataka mita yake ya pekee, na mpangaji wa ghorofa ya tatu mwenye mita ya tokeni, ya kulipia kabla ya kutumia, ataiweka wapi? Nilimwomba mwenye nyumba aweke soketi moja uani, nigharamie mwenyewe. Akakataa. Nikateremsha ekstensheni kutoka dirishani, nikaifunga vizuri kwenye bomba la maji ya mvua. Siku ya tatu nilikuta keateka, mtunzaji wa jengo letu, ameikata kwa koleo na kuzungusha kipande kilichobaki kwenye mpini wa pikipiki, kama mtu anayerudisha mbuzi aliyekula mahindi yake. Sasa ninachaji kwenye saluni ya jirani, kwa bei anayoniambia. Na katika michoro ya hilo jengo jipya, lenye sakafu mbili za maegesho, sikuona hata waya mmoja wa kuchajia.

Wakati huo huo, ukishuka na barabara hii hii kuelekea mjini, karibu nusu ya safari yetu, unapita Muthaiga, mtaa wa matajiri, ambako mwongozo wa jiji wa kanda za ujenzi wa 2004 unataka kila ploti isipungue takriban nusu ekari. Huko ni karibu zaidi na kazi, barabara ni ile ile, na mabasi hayo yakija yatapita mlangoni pao kwanza. Mgawanyo huo una mizizi katika jiji la kikoloni lililopangwa kwa rangi ya ngozi. Mwongozo huo huo uliwapangia watu wa Kilimani na Kileleshwa ghorofa nne, na leo wanatazama majengo ya ghorofa zaidi ya 15 yakipanda. Kwa hiyo kanuni zinaweza kubadilika, ila hubadilika pale mjenzi anapotaka.

Ninachotaka kiandikwe katika kanuni, wala si katika kibali cha mtu mmoja, ni kwamba anayeongezewa ghorofa karibu na kituo cha basi asilazimishwe kujenga maegesho ya kila nyumba, lakini yale atakayojenga yawe na waya na mita ya kuchajia tangu siku ya msingi, na asianze kuchimba kabla bomba la maji taka halijapanuliwa. La kwetu hufurika kila mvua kubwa ikinyesha.

Nimeandika barua ya pingamizi yenye masharti hayo na kuiacha kwa mama wa makaa, pamoja na kalamu. Mpaka jana jioni ilikuwa na sahihi 23. Siku za maoni zinakwisha Ijumaa saa kumi na moja jioni. Mkazi yeyote wa mtaa huu anayesoma hapa apite kabla sijaipeleka, na aliyewahi kufanikiwa kupinga maombi ya namna hii, hata kama ni Kasarani au Zimmerman, anieleze aliambatanisha nini.