Idara ya Fizikia inatangaza "imekua" wakati maabara ya utafiti imepigwa kufuli

Wakuu, nimenyamaza vya kutosha. Nasoma uzamili wa fizikia kwenye chuo kimoja cha umma, ada nimelipa yote. Juzi idara imetoa taarifa ya kujisifu: wanafunzi wameongezeka, kozi mpya zimeanzishwa, jengo limepakwa rangi. Imekua wapi? Mwaka wa kwanza wanabanana kikundi kizima kwenye osiloskopu moja (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini), nusu yao wanaishia kunakili matokeo ya wenzao.

Utafiti wangu ni wa utando mwembamba wa oksidi ya zinki, ule unaowekwa kwenye seli za sola ili mwanga upite na umeme upite. Hutengenezwa ndani ya chemba ambayo hewa imevutwa kwanza. Hewa ikibaki, oksijeni na mvuke wa maji vinajipenyeza na utando haupitishi umeme inavyotakiwa. Sasa pampu ya kuvuta hewa imekufa tangu mwaka jana. Pampu tu! Fundi sanifu aliyeijulia alistaafu, nafasi yake haijajazwa. Idara wananituma manunuzi, manunuzi wananirudisha idarani. Mwisho nimeambiwa nibadili mada, nifanye kitu cha kompyuta. Muda wangu wa masomo nani ataurudisha?

Na mtu asiniambie fizikia ya maabara ni ya nchi tajiri. Mtanzania mwenzetu Erasto Mpemba aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yaliyopoa akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, 1963. Walimu walimkatalia. Alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam kuja kuzungumza nao. Osborne aliporudi chuoni alimkabidhi fundi wa maabara jaribio hilo, na fundi akaona maji ya moto yanatangulia kuganda. Mwaka 1969 wakachapisha makala, na wanafizikia duniani wanabishania jambo hilo, linaloitwa athari ya Mpemba, mpaka leo. Kilichohitajika ni mhadhiri anayesikiliza, fundi na friji inayofanya kazi. Mwanafunzi akija kwetu leo na swali kama lile, atakabidhiwa nani?

Tunachotaka ni barua yenye tarehe: pampu inanunuliwa lini, na tangazo la ajira ya fundi linatoka lini. Wa vyuo vingine mliokwama hivihivi, semeni hapa idara zenu ziliwajibu nini.