Bi mkubwa kaitwa mwongo miezi 14, kumbe ni tezi. Daktari wa homoni anapatikana wapi nchi hii?

Wakuu, mtanisamehe, uzi ni mrefu na ninaandika nikiwa na hasira. Nimerudi Sumbawanga jana usiku, miguu imevimba kwa basi, na nikinyamaza nitapasuka.

Bi mkubwa wangu ana miaka 61, kisukari anacho tangu 2013. Si mgonjwa mzembe. Daftari lake la kliniki limejaa mpaka jalada la nyuma, insulini anajichoma mwenyewe, ugali wake ni wa dona, tonge la ngumi moja, na saa moja jioni keshakula. Miaka yote hiyo sukari ya asubuhi ilikuwa inacheza kwenye 7, 8, ikizidi sana 9. Mwaka juzi kuelekea Krismasi ikasoma 14. Mara 17. Mara 19.

Tukaenda kliniki, dozi ikapandishwa. Mwezi uliofuata ikapandishwa tena. Kutoka yuniti 20 asubuhi na 10 jioni akafika 38 na 22, na sukari haishuki, na mama anakwisha. Kilo 71 zikawa 54. Pete ya ndoa akaizungushia uzi isimdondoke. Na kila mwezi swali ni lile lile: "Mama, unakula nini?" Akijibu, wanatazamana. Siku moja kijana mmoja, umri wa mdogo wangu wa mwisho, akanigeukia mimi, mama kakaa pale pale, akasema, "Hawa wazee wanaficha. Mchunguze, usiku anakula." Mama hakujibu. Tulipofika nyumbani akagoma kula kabisa. "Nisije nikaambiwa nimeiba mboga kwenye nyumba yangu."

Sasa hebu sikieni dalili zenyewe. Mikono inatetemeka mpaka chai inamwagikia kwenye kisosi. Jasho linamtoka, Sumbawanga hii, mwezi wa saba, wakati sisi wengine tumejifunika mablanketi mawili. Ukimwekea kiganja mgongoni unausikia moyo unavyokimbia. Choo kikubwa mara nne kwa siku. Mtu mpole yule akawa anafokea wajukuu kwa kosa la kucheka. Tumetibiwa nini? UTI na taifodi, nini kingine! Nchi hii ukienda hospitali umevunjika mguu utatoka na UTI na taifodi. Ukimwi kapimwa mara tatu. Kifua kikuu kapimwa. Dawa za vidonda vya tumbo kameza. Shangazi naye akaleta habari zake za jirani na kuku mweusi, hizo naziacha.

Aliyefumbua fumbo ni nesi mstaafu wa mtaani kwetu, tena tukiwa msibani. Alimwona mama anapokea kikombe, akamsogelea, akamwambia ameze mate, akamtazama shingo. "Huyu mpimeni tezi ya shingo." Msibani, wakuu. Chini ya turubai!

Nikadhani kazi imeisha, kumbe ndiyo inaanza. Hospitali ya kwanza nikamwambia wa mapokezi tunatafuta daktari wa tezi. Akaandika, akatupa karatasi, tukakaa foleni saa mbili. Kuangalia vizuri, wote kwenye foleni ni wababa. Katuandikia tezi dume. Mgonjwa ni mwanamke, kavaa kitenge, jina limeandikwa na ni la kike, na bado katuandikia tezi dume!

Nikamuuliza daktari mmoja kijana, muungwana kwa kweli, bingwa wa homoni, maana ndiye anayetibu tezi hii, wa karibu yuko wapi. Akasema, "Nasikia Dar wapo." Nasikia! Kama tunaongelea chui wa Zanzibar. Nikaingia kwenye simu kutafuta "daktari wa homoni". Mnajua kilichokuja. Wauza virutubisho, mmoja baada ya mwingine, koti jeupe, stethoskopu shingoni: balansi homoni zako, kisukari kwisha siku 21, laki na themanini, mzigo unatumwa mikoa yote. Mmoja alinipigia siku tatu mfululizo akiniita boss. Matapeli wanajulikana walipo, wanapatikana saa 24. Daktari halali ambaye serikali imemsajili mpaka uokote habari zake msibani.

Rufaa nayo ilichukua wiki tatu kusainiwa, na bila rufaa bima hailipi. Ndipo tukapanda basi: Tunduma, Mbeya, halafu Dar, kilomita zaidi ya 1,100 na mgonjwa ambaye moyo unakimbia amekaa. Insulini niliibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu, nimeiviringisha kitambaa na nailoni isiguse barafu, maana ikiganda imekufa. Huku kwetu baridi inatusaidia, ukishafika Chalinze jua la saa nane halina utani. Tumefika Alhamisi. "Kliniki ya homoni ni Jumatano." Hakuna aliyetuambia, si aliyesaini rufaa wala aliyegonga mhuri. Tukalala Mbagala kwa binamu siku sita, chumba kimoja, watu saba.

Jumatano tukamwona. Dakika ishirini tu, wakuu. Alimwambia mama anyooshe mikono mbele, vidole vipanuke, akamwekea karatasi nyeupe juu yake. Karatasi ikawa inacheza kama jani. Mapigo 118 mtu kakaa. Majibu ya TSH, homoni inayoiamuru tezi ya shingo ifanye kazi na ambayo hushuka tezi ikizidisha, chini ya 0.01, wakati kawaida inaanzia kwenye 0.4 hivi. Tezi ya shingo inamwaga homoni kupita kiasi, mwili unachoma kila kitu, ini linamimina sukari kwenye damu, na insulini inaisha nguvu kabla ya wakati wake. Ungempa yuniti 60 bado ungekuwa unajaza maji kwenye pakacha. Akamwambia, "Mama, chakula hakikuwa na kosa." Mama hakumwangalia daktari, aliniangalia mimi. Kwa sababu, nakiri hapa, na mimi kuna usiku niliamka nikafunua sufuria kuhesabu.

Kaanzishiwa kabimazole, dawa ya kupunguza homoni ya tezi, na dawa ya kutuliza mapigo. Tukaonywa mawili: akiumwa koo na homa, dawa isimame siku hiyo hiyo na apimwe chembe nyeupe za damu, na tezi ikitulia sukari itaporomoka, hivyo insulini ishushwe mapema. Maneno ya maana sana. Tukarudi nayo kliniki ya huku. "Dozi haibadilishwi bila barua." Kumpigia aliyeandika dawa hawataki, "hatuna utaratibu huo". Wiki ya tano, saa tisa usiku, mama kalowa jasho, ananiita kwa jina la marehemu baba. Kipimo 2.8. Soda ya moto ya dukani ndiyo iliyomwokoa, kijiko kwa kijiko. Asubuhi nikashusha dozi mwenyewe, mimi mwalimu wa Jiografia.

Jana tumetoka kwenye marudio. Kilo 60 sasa, sukari ya asubuhi 8, mikono imetulia. Kwa hiyo msiniambie nashukuru au nalaumu, vyote ninavyo.

Na msije na "mabingwa hawaoti kama uyoga". Najua. MD, digrii ya udaktari, miaka 5, intaniship mwaka 1, MMed, yaani ubingwa, miaka 3, ndipo uanze kusomea ubobezi. Sidai kila wilaya iwe na wake, wala si kila mwenye kisukari anamhitaji. Kambi za mabingwa zikija huku tunawaona wa watoto, wa uzazi, wa upasuaji, wa usingizi. Wa homoni sijamwona hata kwa dawa. Sawa. Lakini kumpigia simu bingwa aliyeko Dar kunahitaji bajeti ya nani? Karatasi ukutani inayosema bingwa yuko hospitali gani, siku gani, inahitaji mfadhili?

Mwenye kujua bingwa wa homoni Mbeya, Iringa au Songea aandike hapa hospitali na siku ya kliniki, maana marudio ni baada ya miezi miwili na Dar sina nauli tena. Wauza virutubisho, PM nimeshafunga.