Tuna mchango wa mama wazazi Kisauni, Mombasa. Tununue nini?

BintiKisauni
Assalam aleikum nyote. Chama chetu tumechanga shilingi 36,000 tangu Mfunguo Mosi, tuwasaidie wanawake wanaojifungua na hali zao ni ngumu. Wengi wanataka tununue maziwa ya kopo na nguo za watoto, tuzipeleke wodini, tupige picha waliochanga waone.

Mie moyo hautulii. Jirani yangu muuza mahamri alizalia nyumbani usiku kwa kukosa nauli. Baadaye akaletewa kikapu cha zawadi: vijiatu, sabuni ya manukato, poda. Nilipokwenda kumpa hongera kikapu kiko juu ya kabati, na yeye amekaa kitandani ananyonyesha na kikombe cha mkandaa mtupu. Naombeni ushauri.

MkungaMstaafu
Waaleikum salaam mwanangu. Nimezalisha sana huku Pwani, na moyo wako umekwambia kweli.

Maziwa ya kopo muyaache. Titi hutoa maziwa kadiri mtoto anavyonyonya. Akipewa kopo, titi linapunguza. Kopo likiisha mama hana la kununua jingine, basi anazidisha maji ili yafike mwisho wa wiki, na maji yenyewe ni ya kisima au ya mkokoteni. Mtoto anaharisha. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema maziwa ya mama pekee miezi sita, na Kenya ikatunga sheria mwaka 2012 ya kudhibiti haya ya kopo. Yuko mtoto anayeyahitaji, kama aliyefiwa na mamake, lakini huyo wauguzi ndio watakaosema.

Pesa zenu ziwahi mimba, zisingoje mtoto. Anzeni na SHA, bima ya afya ya serikali. Asiyeajiriwa hulipa ya mwaka mzima kwa mpigo, na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Muuza mahamri atazitoa wapi zote siku moja? Walipieni wanawake sita, mtatumia 21,600. Zinazobaki gaweni: nauli ya tuktuk ya usiku, mtumieni kwa M-Pesa mimba ikifika miezi minane, pedi, beseni, na leso doti moja, kwa maana leso atajifunga, atambebea na atamfunikia mtoto.

Na chakula! Anayenyonyesha ana njaa isiyosemeka. Wekeni zamu ya kumpikia, mbaazi, samaki, mchicha, uji mzito, hata kama ni wiki mbili za mwanzo tu.

Picha msipige. Mwanamke hajakauka damu, mnamshikisha kikapu mbele ya simu? Waliochanga waonyesheni risiti.

MvuviLikoni
Shikamoo Bi Mkunga. Naongeza la damu. Mke wangu alipojifungua alitokwa na damu nyingi, nami usiku ule nikawa napigia simu kila ninayemjua. Kuvuja damu ndiko kunakoua mama wazazi wengi zaidi duniani. Waume wa hicho chama waende kituo cha damu pale Makadara, kwenye hospitali kuu. Mwenye afya njema, kilo 50 kwenda juu, anatoa, na baada ya miezi mitatu anaweza kurudi. Hawatoi senti.

BintiKisauni
Ahsanteni kwa ushauri, Mungu awalipe. Jumapili nawasomea wenzangu yote haya, na la picha nitalishikilia. Bi Mkunga, hao wajawazito tuwapateje? Wenye shida zaidi hawajitokezi.

MkungaMstaafu
Nendeni zahanati ya karibu siku ya kliniki, muulizie wahudumu wa afya wa mtaa. Hao hupita nyumba kwa nyumba, wanajua nani ana mimba na nani amelala na njaa. Waachieni namba yenu. Msitake orodha ya majina. Wao wamuulize mama kwanza, akikubali ndipo wawapigie.